Unga Chini ya Mti wa Dodoki

Siku ya kwanza kazini nilitumwa madodoki. Nilikuwa nimevaa sketi ya kitambaa na viatu vya kisigino, cheti changu cha kuchora ramani kiko ndani ya bahasha, najua naingia ofisini nikakae mezani. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali ya modeli akaangalia viatu, akaangalia bahasha, wala hakuifungua. Akasema, "Binti, nenda sokoni kaniletee madodoki kumi, makavu, yasiwe yameliwa na panya. Ukirudi ndiyo tutasalimiana vizuri."

Nikaenda huku nimenuna. Nilidhani ananituma vitu vya kuogea vya nyumbani kwake. Niliporudi akachukua dodoki moja, akalipasua kwa kisu, akavuta nyuzi zake taratibu, akazichovya kwenye kopo la rangi ya kijani, akazibandika juu ya kijiti cha mpera. Akaniwekea mezani. Jamani, ulikuwa mti! Mti kabisa, wenye matawi na majani na kivuli chake, urefu wake kama kidole changu cha shahada. Nikavua viatu vya kisigino siku ileile, na sikuvivaa tena kazini mpaka nilipoacha kazi.

Kwa ambaye hajawahi kuona modeli, ni jengo au mtaa uliopunguzwa ukakaa mezani kabla haujajengwa. Msanifu anachora, mafundi wa kadibodi wanakata kuta na mapaa. Halafu vinabaki vile vingine vyote vinavyomfanya mtu aamini kwamba mahali pale ni pa kweli: miti, uzio, watu, magari, mitumbwi, nguzo za umeme, mbuzi. Hivyo tuliviita vikorombwezo, na mimi maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa vikorombwezo. Wanangu wakiulizwa shuleni mama yenu anafanya kazi gani, walisema fundi. Wakiulizwa fundi wa nini, walinyamaza. Siwalaumu, maana hata mama mkwe wangu mpaka anafariki alijua nauza midoli.

Nyie wa siku hizi mnaagiza vikorombwezo kwa simu, vinakuja kwenye pakiti. Sisi tulivitafuta kwa miguu. Mchanga mweupe tulifuata ufukweni Msimbati, tukauchekecha mara tatu kwa kitambaa cha chandarua. Nyasi ilikuwa unga wa mbao kutoka kwa maseremala, tukautia rangi ile wanayotumia akina mama kupaka ukindu wa mikeka, kwa sababu haipauki. Mapaa ya makuti tuliyatengeneza kwa makumbi ya nazi yaliyochanwa. Shina la mti lilikuwa kijiti cha mpera au mkorosho, na kijiti kilitaka kuchaguliwa, kwa sababu kilichonyooka sana hakifai. Watu tuliwachonga kutoka kwenye njiti za kiberiti. Skeli yetu ya kawaida ilikuwa moja kwa mia mbili, maana yake mita mbili za ardhini zinakuwa sentimita moja mezani, na mtu mzima anatoka urefu wa punje ndefu ya mchele. Mchonge uone. Halafu mvalishe kanga.

Fundi Mkuu alikuwa Mmakonde wa Newala, ameanza na vinyago kabla ya kuja mjini Mtwara. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ukimwangalia huwezi kuamini kuwa anamchonga mwanamke mwenye ndoo kichwani kutoka kwenye njiti. Hakuwa mtu wa maneno mengi na hakupenda kusifiwa. Mimi ni mtoto wa watu wa kuja, wazazi wangu walitoka Njombe, na kwa miezi kadhaa nilikuwa namwelewa nusu tu, kwa sababu mti alisema "nti" na mtu alisema "ntu". Sheria yake ilikuwa moja. Kila nilipomaliza kupanga miti alikuja na mchoro mkononi, akahesabu duara moja moja linaloonyesha mti kwenye karatasi, halafu akahesabu miti yangu.

"Huu umeutoa wapi?" aliniuliza siku moja, ameshika mti niliouweka kando ya shule.

"Nimeona pamekaa uchi, Fundi."

"Kwenye mchoro upo?"

"Haupo."

"Sasa mwenye shule akija kutafuta kivuli chake utampeleka wapi? Ng'oa nti wako."

Nikaung'oa, na nikamwona mzee msumbufu. Nilikaa chini yake miaka mingi, mpaka yeye akastaafu akarudi Newala kwenye mikorosho yake, na karakana ile ya serikali ikafungwa kwa sababu michoro yote ilihamia kwenye kompyuta.

Baada ya hapo nilichukuliwa na ofisi moja binafsi ya usanifu, jina lake silitaji. Ilikuwa miaka ile ya habari za gesi ya Mnazi Bay, kila mwenye kiwanja Mtwara anataka kujenga hoteli, na kila mwenye hoteli kichwani anataka modeli. Hapo bosi wangu alikuwa Msanifu Mkuu, mtu wa Dar es Salaam, msafi, mcheshi, anayejua kuongea na wakubwa. Wiki ya kwanza akaniletea sanduku la miti ya plastiki kutoka nje. Nikafungua. Yote ilikuwa misonobari, mingine imepakwa theluji! Nikamwambia, "Bosi, hili ni ghala la korosho la Tandahimba. Nitaweka theluji?" Akacheka mpaka akatoa machozi, akanirudishia madodoki yangu. Nilimpenda kwa hilo, sitasema uongo.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kupamba. Fundi Mkuu alihesabu miti ili isizidi, na huyu aliongeza. "Tupia miti pale, Sabina. Tupia na watoto wanacheza." Kwenye ofisi zile mti usiokuwepo kwenye mchoro unaitwa pambo, na pambo halimsumbui mtu. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Baadaye ulizoea, na nikawa napanda mapambo bila hata kuambiwa.

Sasa nifike kwenye ile kazi ya njia ya Kilambo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha malori na soko kwenye kijiji kimoja kabla hujafika kwenye mto wa mpakani, kwa ajili ya magari yanayovuka kwenda na kutoka Msumbiji. Ardhi ilikuwa ya kijiji, kwa hiyo lazima mkutano wa kijiji ukubali. Ofisi yetu ikapewa mchoro na modeli. Nikaletewa karatasi ya mwisho, ile inayoonyesha mahali patakavyokuwa kazi ikiisha. Soko huku, vyoo kule, na katikati uwanja mkubwa wa kugeuzia malori, mtupu.

Msanifu Mkuu akaja kukagua. Akasimama, akakunja uso. "Pale katikati pamekaa kama uwanja wa gwaride. Weka mti. Mmoja tu, mkubwa."

"Kwenye mchoro haupo, bosi."

"Najua haupo. Ni pambo. Nani atauliza?"

Nikaweka. Na nilivyo mjinga nikaufanya mzuri kuliko yote. Rangi ya kijani ilikuwa inaisha kwenye kopo, nikaongezea nyekundu kidogo, majani yakatoka na wekunduwekundu kama ya msimu wa kiangazi. Niliuangalia nikajisifu mwenyewe.

Tukaondoka asubuhi na pikapu, modeli imelazwa juu ya godoro. Barabara ile wakati huo ilikuwa mashimo matupu. Tulipofika kijijini watu wameshajaa kwenye darasa la shule, wengine madirishani. Meza haikutosha, kwa hiyo wakatandika mkeka katikati, tukaiweka modeli chini ili hata waliokaa waione. Nikafunua shuka. Loo! Ule mti mkubwa ulikuwa umeng'oka, umelala juu ya paa la vyoo.

Nikavua viatu, kwa sababu huwezi kukanyaga mkeka wa watu na viatu. Nikapiga magoti, nikatia gundi ya mbao, nikausimamisha mti mahali pake. Gundi ikajaa kuzunguka shina, nyeupe, inameremeta, aibu tupu. Kawaida unanyunyizia unga wa mbao unafyonza ule mng'ao, lakini kopo langu nilikuwa nimelisahau Mtwara. Nikamgeukia mama aliyekuwa karibu yangu. "Mama, samahani, naomba unga kidogo. Kiasi cha kiganja tu."

Akaniangalia. Akamwangalia mwenzake. Akatoka, akarudi na kibakuli cha unga wa mtama. Nikachukua kwa ncha za vidole, nikaumimina pole pole chini ya shina, nikikusudia usitawanyike, mpaka ukafanya kichuguu kidogo. Halafu mzee mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo. Wengine wakamfuata. Na mimi nikainama, nikatabasamu. Nilidhani wamependa kazi yangu!

Msanifu Mkuu akaeleza mpango. Mimi nimehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo, na najua jinsi inavyokwenda: watu wanasimama, wanauliza choo kitakaa wapi, anayegombana anagombana, mnarudi mara nne. Siku ile hakuna aliyegombana. Mzee yule wa makofi, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wa pale na wenyewe wanamwita Mwenye, akasimama akasema maneno machache. "Tulikuwa tumejiandaa kukataa. Lakini tumeona mlivyoanza. Watu wanaoanza hivi ni watu wa heshima. Sisi tumekubali." Muhtasari ukaandikwa, wenye sahihi wakatia sahihi, wengine wakaweka dole gumba. Msanifu Mkuu akaninong'oneza, "Sabina, leo umenibeba."

Tukakaribishwa chakula. Nilikuwa sijamaliza kunawa bibi mmoja akanishika mkono. Dada yake Mwenye, Bibi Somoe, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufundisha?"

"Kunifundisha nini, bibi?"

"Njoo."

Akanipeleka nyuma ya madarasa, tukapita uwanja wa mpira, mpaka kwenye mti uliosimama peke yake. Msolo, ndivyo wanavyouita. Haukuwa mkubwa sana, majani yake yamegeuka mekundu. Chini ya shina pamefagiliwa safi, na palikuwa na kichuguu kidogo cha unga mweupe.

"Mama yangu alimwaga unga wa tambiko hapa, na bibi yake kabla yake," akasema. "Mwanangu alipovuka kwenda Msumbiji asirudi, nilikuja hapa nikawataja wazee wangu wote waliotangulia, nikawaomba. Akarudi. Shehe wa msikitini hapendi, lakini na yeye mama yake anakuja. Tuliposikia malori, tukasema sasa ndiyo basi, watang'oa. Halafu wewe ukavua viatu, ukapiga magoti, ukamwaga. Hata majani umeyatia wekundu wake. Tukajua wameuacha."

Nikamwambia naomba nifuate kitu kwenye gari. Nikafungua bomba la michoro, nikatafuta karatasi ambayo sikuwahi kupewa, ile ya hali iliyopo, inayoonyesha kilichoko ardhini kabla ya ujenzi. Kwenye karatasi hiyo mti unaobaki unachorwa duara tupu. Mti wa kukatwa unachorwa duara lenye msalaba ndani. Nyuma ya uwanja wa mpira palikuwa na duara moja tu, na msalaba wake umekolezwa. Pambo langu lilikuwa limesimama karibu palepale.

Nikamfuata Msanifu Mkuu, nikamwita pembeni, nikamweleza yote. Alinisikiliza, lazima niseme. Alipomaliza kunisikiliza akasafisha mikono kwa leso.

"Hatukudanganya mtu, Sabina. Wamejidanganya wenyewe."

"Mti tumeuweka sisi, bosi. Unga nimemwaga mimi."

"Ni pambo. Muhtasari umeshasainiwa. Tukianza kueleza miti, hii kazi imekufa. Watapanda mwingine."

"Na modeli tunawaachia. Watakuwa wanauangalia ule mti kila siku mpaka tingatinga lije."

"Sikiliza, mama," akasema, na hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo. "Ukifungua mdomo pale ndani, ofisini usirudi."

Niliogopa. Nasema wazi ili asiwepo wa kunifanya shujaa. Nilikuwa na miaka mitatu tu nimalize kazi, binti yangu wa mwisho yuko chuo, na mume wangu alikuwa ameshapata kiharusi, hawezi kazi. Nilikaa kwenye bodi ya pikapu nikajiambia, Sabina, mti ni mti, hata kwenu Njombe wamekata. Nikajiambia pia kwamba mimi si msanifu, ni mtu wa vikorombwezo, haya si yangu. Lakini hilo ndilo lilinimaliza. Kila kitu kingine kwenye ile modeli kilikuwa cha mtu mwingine. Kilichowafanya wale watu waweke dole gumba kilikuwa changu mimi.

Nikarudi darasani. Mwenye alikuwa bado ameketi na wazee wenzake, wanaonyeshana kwenye modeli nyumba ya nani iko wapi. Nikavua viatu tena, nikapiga magoti, nikaushika ule mti, nikauvuta. Gundi ya mbao inataka siku nzima kushika vizuri, kwa hiyo ulitoka bila taabu, umebeba unga na ute mweupe kwenye shina.

"Mwenye, wazee wangu, nisameheni," nikasema. "Mti huu haupo kwenye mchoro. Nimeuweka ili papendeze. Na unga nilimwaga kuficha gundi, sikujua maana yake. Kwenye mchoro wenyewe msolo wenu unakatwa."

Pakalipuka. Kijana mmoja akaruka dirishani akipiga kelele, "Mnatufanya watoto!" Mwenye hakupaza sauti. Akanyoosha mkono kwa Msanifu Mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Karatasi yetu." Msanifu Mkuu akasitasita. Mkono ule haukushuka. Akampa, na Mwenye akaichana mara mbili, akaweka vipande mfukoni mwa koti lake.

Bibi Somoe alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza, "Ulipomwaga ulimtaja nani?"

"Sikumtaja mtu, bibi."

Akachukua kile kibakuli cha unga kilichobaki, akafunika kwa kanga yake, akatoka. Hakunipa mkono. Niliumia kwa hilo kuliko kelele zote za mle ndani, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Tuliporudi Mtwara, mbele ya kwangu Mtawanya, Msanifu Mkuu akasimamisha gari, akasema bila kunitazama, "Vifaa vyako utavifuata Jumatatu." Nikavifuata: visu viwili, koleo ndogo, makopo ya rangi na gunia la madodoki. Hakukuwa na keki wala hotuba. Huko ndiko kustaafu kwangu, enyi mnaoniuliza kwa nini sina picha ya kuagwa.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi za vipandevipande nyumbani, modeli za wanafunzi wa vyuo na za makanisa yanayochangisha ujenzi. Macho yakaanza kugoma, nikaacha. Vijana wanakuja kuniuliza namna ya kupata majani mazuri, nami nawafundisha kuchana dodoki bila kulikata nyuzi. Wengine sasa wanachapa miti kwa mashine, inatoka yote sawasawa, nami sina ugomvi nayo. Ninachowasumbua ni kimoja. Kabla hujachomeka mti, omba karatasi zote mbili, ya kitakachokuwa na ya kilichopo, hata kama bosi anakuona msumbufu. Mtu wa kijijini hasomi mchoro. Anasoma vikorombwezo. Anatafuta mti wake, kisima chake na kaburi la mama yake, na akiviona anakuamini palepale. Wewe unaona pambo, mwenzako ameshaona ahadi.

Mwaka jana nilipanda gari kwenda kumsalimia binti yangu anayefundisha huko karibu na mto. Nikashuka njiani kwenye kile kijiji. Kituo kimejengwa. Ofisi nyingine ndiyo iliyochora upya, nasikia baada ya mikutano isiyo na idadi. Soko lipo, vyoo vipo, na katikati kabisa ya uwanja wa malori umesimama msolo, umezungushiwa ukingo wa zege. Bibi Somoe niliulizia, nikaambiwa ameshatangulia. Chini ya shina palikuwa na unga, bado mkavu, wa asubuhi ileile.

Nilisimama pale na soda yangu. Lori moja refu likawa linahangaika kugeuka, linakwenda mbele, linarudi nyuma, mara ya tatu, mara ya nne, tela linakaribia kugusa zege. Dereva akatoa kichwa dirishani, jasho linamtiririka, akaniona mtu mzima nimesimama kivulini.

"Mama, hivi mjinga gani aliacha mti katikati ya njia?"

"Mimi," nikamwambia. "Kata kona vizuri, mwanangu, usiguse shina."